Pini Iliyopakwa Rangi ya Njano

Saa moja na robo asubuhi. Bahari ya Imiwaman, kijiji cha pwani upande wa Agadir, imechafuka tangu jana, na Tuda Ouhmad amechafuka roho tangu mwaka jana.

Amesimama juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi, miguu ameitanua, jaketi la kuokolea maisha limefungwa hadi kidevuni. Mbele yake maboya kumi na mawili, kila moja kubwa kama gari dogo, yanapanda na kushuka. Kila boya limeshikwa na mkono mrefu wa chuma uliokitwa ukutani. Wimbi likija, boya linainuka, mkono unasukuma pistoni, pistoni inasukuma mafuta kwenye mabomba, na mafuta yanakwenda kuzungusha mashine ndani ya kibanda cheupe nyuma yake. Umeme unatoka humo.

Tuda hatazami saa za vipimo zilizo kibandani. Anasikiliza kwanza.

"Mkono wa nne unakohoa," anasema, akielekeza kidole. "Umeingiwa na hewa kwenye mafuta. Usipoutibu leo, kesho utawaambukiza wenzake."

Anashuka ngazi ya chuma akiwa na spana mkononi na kikwaruzo kiunoni. Kabla ya kukanyaga jukwaa la chini anapita mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwenye kila mmoja anafanya jambo moja lile lile: anaigonga pini. Ni kipande cha chuma kinene kama kifundo cha mkono wa mtoto, kinachopitishwa kwenye tundu mkono unapoinuliwa, ili usianguke wakati mtu yuko chini yake. Anagonga mara mbili, anatega sikio, anasogea.

Hakuna aliyemwagiza kugonga. Mwongozo wa kampuni hausemi lolote kuhusu kugonga.

"Mwongozo uliandikwa na mtu asiyeingia chini," anasema.

Tuda ana umri wa miaka arobaini na moja. Amezaliwa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka kwenye tanuri la mkate, na kabla ukuta huu haujawekewa mikono ya chuma, yeye na wanawake wengine thelathini walikuwa wakiteremka kwenye miamba iliyo chini yake kila maji yalipokupwa. Walibandua kome. Waliwachemsha, wakawaanika, wakawauza sokoni Jumapili. Mama yake alifanya kazi hiyo hadi magoti yalipogoma, na alimwachia binti yake agizo moja tu: usiipe bahari mgongo.

Miaka sita iliyopita ukaja uzio. Kabla ya uzio kulikuwa na mkutano, na kwenye mkutano kulikuwa na chai, keki za lozi na ahadi. Mawimbi yenu, waliambiwa, yatawasha nyumba mia nne. Umeme hautakatika tena. Na wanawake wa kome watapewa kazi.

Ahadi ya kazi ilitimizwa kwa wanawake wanane. Umeme wa mikono ile unakwenda kwenye ghala la kugandishia samaki, na unaobaki unaingia kwenye gridi ya taifa na kupotelea huko. Mtaa wa Tuda bado unakaa gizani mara mbili tatu kwa mwezi, hasa upepo ukivuma, yaani wakati ambapo mashine zinazalisha kuliko siku zote.

"Nakaa jikoni na mshumaa," anasema, "nasikia mashine yangu inaunguruma kule baharini kwa raha zake. Wewe ungejisikiaje?"

Kazi waliyopewa wanawake wanane ilikuwa kukwarua. Boya likikaa baharini miezi miwili, kome wanalivamia. Wanajibandika tabaka juu ya tabaka hadi boya linakuwa zito na mkono unachoka kuinuka. Kwa hiyo mkono unainuliwa, unatiwa pini, na wanawake wanaingia chini yake na vikwaruzo kuwabandua kome.

Kome wale wale. Wanawake wale wale. Tofauti ni kwamba sasa walilipwa dirham elfu tatu na mia moja kwa mwezi, na kome walitakiwa kutupwa kwenye pipa. Kwa amri ya kampuni, kilichoota kwenye mali ya kampuni ni mali ya kampuni. Da Moulid, yaani Kaka Moulid kwa heshima ya huku, mlinzi wa getini, mzee aliyewahi kuwa jirani wa baba yake Tuda, alipewa kazi ya kupekua vikapu vya wanawake jioni.

Jina la kampuni hiyo tunaliacha, kwa kuwa shauri lingali mahakamani.

Tuda hakutaka kuishia kwenye kukwarua. Mwaka wa kwanza alimganda fundi mmoja aliyetoka Agadir, akimbebea sanduku la spana na kumuuliza maswali hadi yule bwana akasalimu amri. Alijifunza kusikia hewa kwenye mafuta, kubadilisha mipira ya kuzuia mvujo, kusoma mgandamizo. Fundi alipohama, meneja wa kituo, Si Mekki, yaani Bwana Mekki, alikuta kwamba mtu pekee anayejua kwa nini mkono wa tisa unagoma asubuhi za baridi ni mkwaruaji. Akamwachia kazi ya fundi. Mshahara akauacha palepale.

"Nilinyamaza," anasema Tuda. "Nilidhani nikijua kazi vizuri, siku moja watanisikiliza. Ujinga wangu huo. Uandike."

Kati ya wanawake wanane, mmoja alikuwa wifi yake. Ijja Oubella ni dada wa mume wa Tuda, mdogo kwake kwa miaka mitano, mwenye ulimi mkali kuliko kikwaruzo. Wawili hao walifanya kazi jozi moja, na waliowasikia wanasema hapakuwa na siku bila vijembe.

"Wifi, kaka yangu alioa fundi wa magari au alioa mke?" Ijja alikuwa akisema akimwona Tuda na mafuta hadi viwikoni.

"Alioa fundi, ndiyo maana hajaharibika mpaka leo," Tuda alikuwa akijibu. "Ungekuwa wewe angeshakwama njiani."

Mwezi wa Desemba, mwaka juzi, Tuda aliona jambo kwenye mkono wa saba. Pini ilikuwa haikai sawa. Ilicheza ndani ya tundu, na shingoni mwake palikuwa na mstari mwembamba wa kutu kama unywele. Aliandika kwenye daftari la zamu. Januari akaandika tena. Februari akaandika mara ya tatu, na safari hii akaenda hadi ofisini.

"Pini mpya zimeagizwa," Si Mekki alimwambia bila kuinua macho. "Zinatoka nje. Subira."

"Tusimamishe mkono wa saba basi, mpaka zije."

"Mkono mmoja ukisimama, takwimu za mwezi zinashuka. Wewe Tuda, nani amekufanya mhandisi?"

Jumanne ya tarehe tisa Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wa saba ulikuwa umeinuliwa na Ijja alikuwa chini yake. Jua lilikuwa limetoka. Alikuwa akimsimulia Tuda habari za harusi moja kule juu mlimani, jinsi mama wa bwana harusi alivyoficha sukari kabatini kisha akasahau ufunguo, na alikuwa akicheka kiasi cha kushindwa kukwarua. Alinyoosha mkono wa kulia kujishika kwenye kitako cha chuma, pale mkono wa boya unapokalia ukishuka.

Pini ikakatika.

Tuda anasema haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyevunja kokwa kwa meno. Kisha tani mbili za chuma zikashuka kiasi cha shubiri moja tu, zikatua juu ya kitako, na mkono wa Ijja ulikuwa katikati.

"Hakupiga kelele," anasema Tuda. "Aliniangalia. Akasema, 'Wifi, niondolee hili dude.' Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba umshikie mtoto."

Tuda alipanda ngazi, akafungua valvu, akapiga pampu ya mkono kuinua chuma. Pampu ile inahitaji mipigo hamsini. Wanawake wengine waliingia kumshika Ijja asianguke baharini. Ilichukua dakika nne. Gari la kampuni halikuwepo. Lilikuwa limekwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Belaid, mume wa Tuda, anayeendesha gari la barafu ya samaki, ndiye aliyempeleka dada yake hospitali, kilomita sitini, amelazwa kati ya makreti matupu.

Madaktari waliuokoa mkono usikatwe. Lakini vidole vitatu havikunji, na kiganja hakishiki kitu.

Taarifa ya kampuni ilibandikwa ubaoni siku mbili baadaye. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya pili ilisema mfanyakazi aliingia eneo la hatari bila kujiridhisha na usalama wa kifaa. Tuda aliisoma akiwa amesimama, kisha akaenda kibandani kutafuta daftari la zamu. Alikuta daftari jipya, linanukia duka, ukurasa wa kwanza ukianzia Machi kumi.

Hapo, anasema, ndipo alipoacha kuwa na huzuni.

"Huzuni nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini walipompa Ijja lawama na maumivu kwa pamoja, kitu fulani ndani yangu kiligeuka. Nikasema haya, kama mmefuta maandishi, chuma hakifutiki."

Pini ilikuwa imekatika vipande viwili. Kimoja kilichukuliwa na ofisi. Cha pili kilidondokea kati ya mawe chini ya jukwaa, na Tuda alikuwa amekiona. Siku ile ile, maji yalipokupwa, alishuka akakichukua. Alipokigeuza upande uliokatika, alielewa kila kitu. Nusu ya uso wa chuma ilikuwa nyeusi, imeliwa na kutu. Nusu nyingine ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo miezi mingi, unakula kidogo kidogo, na siku ya tisa Machi kilikatika kile kilichosalia.

Tatizo lilikuwa geti. Tuda alikifunga kipande kwenye mshipi wake, chini ya nguo, ubavuni. Kisha akajaza kome kwenye mfuko, tele, hata hakuufunga.

"Tuda, tena?" Da Moulid alifoka alipouona. "Mtu mzima huoni haya? Mimi nitawaambia nini ofisini?"

"Da Moulid, nisamehe kwa leo tu. Watoto wanataka supu."

"Watoto! Watoto wako wana ndevu! Leta hapa."

"Basi niachie nusu."

"Hata mmoja sikuachii! Toka, nenda nyumbani, kabla sijaandika jina."

Akatoka. Da Moulid, ambaye sasa amestaafu na hushinda kwenye benchi la nje ya tanuri, anaizungumzia siku ile huku akitazama pembeni.

"Nilimwona anatembea upande," anasema. "Mtu haubebi mfuko wa kome kwa nyonga. Lakini amri yangu ilikuwa nitafute kome. Nimetafuta kome, nimepata kome."

Nyumbani, Tuda alikificha kipande ndani ya pipa la unga. Belaid alikikuta siku ya pili alipokwenda kuchota unga wa uji.

"Hiki ndicho kimemla dada yangu?" aliuliza.

"Ndicho."

Belaid alikaa chini, akakipakata kama mtu anayepima samaki. Yeye ni mtu wa maneno machache na mikopo miwili. "Tuda," akasema, "mdomo wako utatulaza njaa."

"Na mdomo wa dada yako utalishwa na nani? Kijiko anashika mwenyewe?"

Lakini Belaid hakukiondoa kipande kwenye pipa, na Tuda aliona kwamba alikuwa amekifunga kwenye gunia safi na kukipaka mafuta kisizidi kuota kutu.

Mwezi wa Mei zikaja habari kwamba wageni wakubwa watatembelea kituo. Ukuta ulifagiliwa. Maua yalipandwa kwenye madebe. Na pini zote kumi na mbili, waliambiwa wafanyakazi, zimebadilishwa. Kweli, asubuhi hiyo zilikuwa zinang'aa, rangi ya njano mbichi.

Si Mekki alikuwa amevaa suti ya kijivu. Aliwapanga wanawake saba waliobaki, akawagawia skafu za rangi moja, akawaeleza: mikono mitatu itainuliwa, nao waingie chini yake wakwarue, ili wageni waone wanawake wa Imiwaman wakiwa kazini. Mpiga picha alikuwa ameshasimama mahali pazuri.

Tuda alikwenda kwenye mkono wa tano. Akachukua kikwaruzo chake, akakwangua pini mara moja. Rangi ya njano ikatoka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na kutu ya zamani, na kwenye kutu kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Alisimama wima. Wageni walikuwa hatua ishirini kutoka hapo, wakielezwa habari za nishati safi.

"Si Mekki," aliita. Sauti yake imezoea kushindana na mawimbi, kwa hiyo kila mtu aligeuka. "Pini hii si mpya. Imepakwa rangi."

Meneja alimsogelea haraka, tabasamu likiwa bado limebandikwa usoni. "Tuda, si wakati wake. Ingia."

"Siingii."

"Nakuamuru mbele ya watu. Ingia, dakika tano, wapige picha, basi."

"Kama ni salama, ingia wewe."

"Unasemaje?"

"Ingia wewe chini yake, Si Mekki. Dakika tano sizitaki. Kaa muda wa kumaliza glasi moja ya chai. Nitakuletea chai mwenyewe, kwa heshima zote. Ukitoka mzima, mimi nitaingia na nitakwarua hata kwa kucha."

Mmoja wa wanawake alicheka kwa woga. Si Mekki alitazama pini. Akautazama mkono wa chuma juu yake, na maji yaliyokuwa yakitoka tone tone kwenye boya. Wanaosimulia wanasema alisogeza mguu mmoja, akaurudisha.

Tuda alivua skafu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya debe la maua, akaketi ukutani. Mwanamke wa pili akaketi. Wa tatu. Hadi wote saba wakawa wameketi, migongo kwenye ukuta, nyuso baharini. Mgeni mmoja alitazama saa yake na kuuliza kama chakula kiko tayari. Msafara ukaondoka kwenda kula.

Saa tisa alasiri Tuda alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu.

Alirudi nyumbani akitarajia lawama. Alimkuta Belaid ameshaliwasha gari la barafu, gunia liko kwenye kiti cha mbele.

"Panda," alisema. "Tumeshalala njaa, twende tukalale nayo mjini."

Mkaguzi wa kazi aliyewapokea ni mwanamke mwembamba aitwaye Bi Ghizlane, ambaye ofisi yake ina feni moja na mafaili hadi dirishani. Aliutazama uso uliokatika wa pini kwa muda mrefu, akaupeleka kwenye mwanga, akauliza swali moja: "Ziko ngapi kama hii?"

"Kumi na moja," Tuda alimjibu. "Na chini yake kuna wanawake saba."

Siku ya tatu Bi Ghizlane alifika Imiwaman bila taarifa, akiwa na fundi wa kupima vyuma. Walizichomoa pini zote na kuzikwangua rangi. Kati ya zile kumi na moja za zamani, tisa zilikuwa na nyufa. Kituo kilifungwa kwa lakiri siku hiyo hiyo, na mikono yote ikashushwa majini.

Mahojiano yalifanyika ukutani pale pale, wafanyakazi wakisikia. Si Mekki alisema pini zilikuwa ndani ya kiwango. Alisema wanawake hawa hawajasoma, wanaogopa vitu wasivyovielewa.

"Siku ya wageni uliombwa uingie chini ya mkono wa tano," Bi Ghizlane alisema. "Kwa nini hukuingia?"

Si Mekki alifikiri. "Nilikuwa nimevaa suti," akajibu.

Bi Ghizlane aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamtaka alitie saini. Alitia.

Kituo kilikaa kimya wiki kumi na moja. Kwa mara ya kwanza tangu uwekwe uzio, watu wa mtaani walisikia mawimbi yakipiga ukuta bila mlio wa mashine. Pini mpya zilipokuja zilikuwa kweli mpya, zenye namba zilizochongwa. Si Mekki alihamishiwa kituo kingine, na wengi hapa wanaliona hilo kama tusi. Tuda alirudishwa kazini kwa amri ya mkaguzi baada ya siku sabini na nne, akapewa barua ya kumkumbusha kuheshimu viongozi. Ameiweka kwenye fremu, chooni.

Ukimwambia kwamba ameshinda, anakukata jicho.

"Nimeshinda nini? Nimepata kile nilichokiandika kwenye daftari mwezi wa Desemba. Pini! Pini inayogharimu kama kondoo mmoja mwembamba. Ilibidi mkono wa mtu upondwe, niibe, nitukane mkubwa, nifukuzwe, ndipo wanunue pini. Huo unauita ushindi? Mimi nauita aibu, na aibu si yangu."

Ijja anaishi nyumba ya pili kutoka kwa Tuda. Anapika kwa mkono wa kushoto, na mkate wake unatoka umepinda. Anasema ni mtindo mpya, wa Ulaya. Anacheka bado, ingawa sasa anakatiza kicheko katikati, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Kampuni ilimpelekea mwanasheria mara mbili na karatasi: angepewa fidia haraka endapo angekubali kwa maandishi kwamba kosa lilikuwa lake.

"Akaniwekea kalamu mezani," Ijja anasimulia. "Kijana mzuri, amepaka manukato. Akasema, 'Tia saini hapa, mama.' Nikamwambia, kwa mkono upi? Akaichukua kalamu yake. Nikamwambia, mwanangu, rudi ukawaambie waliokutuma: ule uliokuwa unajua kusaini wameula wao."

Tuda, aliyekaa kando yake akimenya maharage, hacheki. "Ulipaswa kumpiga kwa birika," ananung'unika.

"Birika la mama yangu, wifi? Lipinde kwa kichwa cha yule? Huna huruma na vyombo."

Kesi ya Ijja imepangiwa kusikilizwa mwezi wa Septemba. Kipande cha pini kimehifadhiwa mahakamani, na jibu la Si Mekki kuhusu suti limo kwenye jalada.

Mchana, zamu ikiisha, Tuda anatoka getini na ndoo ya kome mkononi, wazi, bila kuificha. Amri haijafutwa kwenye karatasi, lakini mlinzi mpya ni kijana wa mtaani na hana hamu ya kuwa mtu wa kuitekeleza. Wanawake saba wameandika barua kudai miamba ifunguliwe siku mbili kwa wiki na mtaa wao uunganishwe moja kwa moja na kibanda cheupe. Barua imejibiwa kwamba imepokelewa.

"Imepokelewa," anarudia Tuda, akilitafuna neno. "Tutawapelekea nyingine. Tutawapelekea mpaka wakose kabati."

Kila Jumamosi anapanda gari la barafu pamoja na mumewe hadi chuo cha ufundi mjini Tiznit, ambako anasomea cheti cha mitambo ya mafuta na mgandamizo. Darasani wako kumi na tisa. Wengine wote wangeweza kuwa wanawe. Mwanzoni walimwita mama mdogo na kumpisha kiti cha mbele. Tangu siku mwalimu alipowasha mtambo wa mazoezi na Tuda akasema, kutoka kitini kwake, "Zima, una hewa," wanamwita fundi, na wanagombea kukaa karibu naye.

Hesabu zinamtesa. Anazifanyia jikoni, Belaid akimsomea maswali kwa sauti ya mtu anayesoma bei za samaki, Ijja akimtania kutoka dirishani. Mtihani ni tarehe kumi na nne Juni.

Kwa sheria, mwenye cheti hicho ndiye anayepaswa kuweka saini kwenye fomu kabla mfanyakazi yeyote hajaingia chini ya mkono ulioinuliwa. Kwa miaka sita fomu hiyo imesainiwa ofisini, na watu ambao viatu vyao havijawahi kuloa.

"Nikipata cheti, kalamu itahamia huku ukutani," anasema Tuda, akifuta mafuta kwenye viganja kwa kitambaa ambacho tayari kimeshiba mafuta. "Na sitasaini mezani. Nitaingia chini ya mkono mimi kwanza, nisimame hapo, ndipo nisaini."

Anaichukua spana. Mkono wa nne bado unakohoa.